Orodha na Sentensi: Uhakiki wa Istilahi za Infraredi na Kaboni katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, watetezi wa Kiswahili wamekuwa na jibu la kumpa kila anayedai kwamba lugha hii haiwezi kubeba sayansi. Jibu hilo ni orodha. Mpinzani huonyeshwa kurasa za istilahi, naye hutakiwa kunyamaza. Makala haya hayakusudii kuidharau kazi hiyo, ambayo bila yake hata uhakiki huu usingekuwa na pa kuanzia. Yanakusudia kuuliza swali ambalo orodha yenyewe haiwezi kulijibu: je, istilahi ikitolewa katika safu yake na kutiwa ndani ya sentensi, inafanya kazi iliyoundiwa?

Ili swali hili lisibaki hewani, tumechagua uwanja mmoja mdogo, yaani uchunguzi, kwa njia ya mwanga wa infraredi, wa kaboni iliyotiwa kiasi kidogo cha elementi ngeni. Sababu za kuuchagua ni tatu. Kwanza, ni uwanja mpya. Mirija midogo mno ya kaboni, ambayo upana wake hupimwa kwa sehemu za bilioni za mita, ilielezwa na Sumio Iijima mwaka 1991, na utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja ulitengwa mjini Manchester mwaka 2004. Hakuna kamusi ya mwaka 1990 inayoweza kulaumiwa kwa kutovitaja. Pili, kaboni si kitu kigeni kwa msemaji wa Kiswahili. Ni makaa, ambayo sisi wa Bukavu huyaita makala. Ni masizi ya sufuria, ni moyo wa penseli, ni almasi. Tatu, wanafunzi wetu husoma kemia kwa Kifaransa, ilhali kamusi za istilahi za Kiswahili zimeundwa aghalabu kwa kutazama Kiingereza. Kwa hiyo udhaifu wa istilahi, kama upo, huonekana hapa Bukavu mapema kuliko penginepo.

Dai letu ni moja: upungufu wa Kiswahili cha sayansi haumo sana katika majina. Umo katika vitenzi.

2.0 Kazi ya infraredi ni kazi ya vitenzi

Mwaka 1800 William Herschel aliutawanya mwanga wa jua kwa prizimu, akaweka kipimajoto katika kila rangi. Kipimajoto alichokiweka nje kidogo ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, kilipanda kuliko vyote. Mwanga huo usioonekana ndio infraredi. Wapo wanaopendelea kuuita mionzi ya chini ya nyekundu. Tafsiri hiyo ni sahihi kwa Kilatini, lakini humwachia msomaji kitendawili: chini kwa kipimo gani? Marudio ya mawimbi yake ni machache kuliko ya nyekundu, bali urefu wa wimbi lake ni mkubwa zaidi. Neno *mionzi* nalo humpeleka msomaji kwenye eksirei na hatari zake, wakati infraredi ni mwanga ule ule unaotuota tukikaa karibu na jiko. Kwa maoni yetu, *mwanga wa infraredi* watosha. Jina la mkopo halidai kueleza kitu. Hukitambulisha tu, kama vile jina la mtu.

Shida huanza tunapotaka kusema mwanga huo unafanya nini. Tueleze kisa kimoja cha kweli. Mwaka 1985 Harold Kroto, Robert Curl na Richard Smalley waligundua molekuli ya kaboni yenye atomu 60, iliyo mviringo kama mpira wa miguu. Ugunduzi huo uliwapa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1996. Lakini kwa miaka kadhaa molekuli hiyo ilipatikana kwa kiasi kidogo mno kisichoweza hata kuonekana. Waliofungua mlango ni Wolfgang Krätschmer wa Heidelberg na Donald Huffman wa Arizona pamoja na wenzao. Walivukiza vijiti vya grafiti kwa umeme ndani ya heli, wakakusanya masizi, wakayapitishia mwanga wa infraredi. Masizi ya kawaida huufyonza mwanga huo bila mpango. Masizi yao yalionyesha mistari minne myembamba, iliyo karibu na mawimbi 528, 577, 1183 na 1429 katika sentimita moja. Nadharia ilikuwa imetabiri kwamba molekuli ile ya mviringo, ingawa inaweza kutetema kwa namna nyingi, ingeonyesha mistari minne tu. Ili kuhakikisha kwamba mistari haikutokana na uchafu uliojipenyeza, walitengeneza masizi mengine kwa kaboni nzito zaidi, kaboni-13, na mistari ikahama kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1990 walitangaza kwamba wameitoa molekuli hiyo kwa kiasi cha kushikika.

Msomaji ahesabu maneno yanayobeba fungu hilo. Majina ni machache na mengi yake ni ya mkopo: infraredi, molekuli, grafiti, heli. Uzito wa maelezo umebebwa na vitenzi: kuvukiza, kupitishia, kufyonza, kutetema, kuhama. Vyote ni vitenzi vya Kiswahili, na vyote vina viambishi vinavyotupa kutendwa, kutendea na kutendesha bila kuomba ruhusa ya kamati yoyote. *Mwanga unafyonzwa; kifungo kinatetema; mstari unahama; uzito wa atomu umeuhamisha.* Sentensi ya mwisho ina sababu na matokeo ndani ya maneno manne. Nguvu hiyo ni ya mfumo wa kitenzi chetu, na haionekani katika orodha, kwa sababu orodha hupanga majina.

3.0 Neno "uchafu" na kosa lake

Tuje kwenye kiini cha uwanja wetu, yaani kile kitendo cha kutia atomu ngeni ndani ya kaboni. Katika maelezo mengi ya Kiswahili, atomu hizo huitwa *uchafu*. Mtu ataona kwa urahisi neno hilo limetoka wapi: Kifaransa na Kiingereza vyote husema kitu kisicho safi, na mtafsiri akafuata. Tafsiri hii tunaipinga, na tunaipinga kwa ushahidi wa kitu chenyewe.

Tuchukue almasi, ambayo nchi yetu imeichimba kwa wingi huko Mbuji-Mayi, na ambayo jirani zetu wa Tanzania wameichimba Mwadui tangu John Williamson alipougundua mgodi huo mwaka 1940. Mwaka 1934 Robertson, Fox na Martin walionyesha kwamba almasi ziko za aina mbili. Aina ya kwanza hufyonza mwanga wa infraredi katika eneo ambalo aina ya pili huupitisha. Kwa miaka 25 sababu haikujulikana. Mwaka 1959 Kaiser na Bond walibainisha kwamba almasi za aina ya kwanza zina naitrojeni. Leo tunajua kwamba naitrojeni ikikaa jozi jozi ndani ya almasi, mstari wake mkuu huonekana karibu na mawimbi 1282 katika sentimita. Zipo pia almasi chache zenye boroni. Hizo hupitisha umeme kwa kiasi, aghalabu huwa za buluu, na mstari wao mmoja uko karibu na 2800.

Kwa nini almasi tupu hainyonyi kitu katika eneo lile la chini? Jibu ni la msingi. Mwanga wa infraredi huishika molekuli au fuwele pale tu ambapo mtetemo wake unayumbisha mgawanyo wa chaji za umeme. Mfano wake tunao mlangoni petu. Ziwa Kivu limebeba kilindini kaboni dioksidi, ile ambayo magazeti ya Tanzania huiita hewa ukaa, kiasi cha takriban kilomita za ujazo 300, pamoja na methani kiasi cha 60. Molekuli ya kaboni dioksidi ina kaboni katikati na oksijeni mbili kandoni. Oksijeni zote mbili zikienda nje na kurudi kwa pamoja, chaji hubaki katika mizani, na infraredi hupita bila kuona. Moja ikisogea ndani wakati nyingine inatoka nje, mizani huvunjika, na mwanga hufyonzwa karibu na mawimbi 2349. Atomu za almasi tupu zimepangwa kwa ulinganifu kamili, kila moja na jirani zake wanne, na mtetemo wa kawaida hauvunji mizani. Naitrojeni ikiingia, ulinganifu huvunjika, na jiwe lililokuwa kimya huanza kusomeka.

Hapa ndipo neno *uchafu* linapomponza mwanafunzi. Uchafu ni kitu cha kuondolewa. Anayeona uchafu hutafuta maji na sabuni. Lakini katika uchunguzi huu atomu ngeni ndiyo inayotafutwa, ndiyo inayosomwa, na mara nyingi imetiwa kwa makusudi na kwa kipimo. Katika kisa cha Krätschmer na Huffman, tulisema kwamba walitaka kuhakikisha mistari haikutokana na uchafu. Pale neno lilikuwa mahali pake: kitu kilichojipenyeza bila kutakiwa. Lugha inayotumia neno moja kwa kitu kinachoogopwa na kwa kitu kinachokusudiwa inamnyima msomaji tofauti ambayo ndiyo somo lenyewe. Kosa kama hili halionekani katika orodha, kwa kuwa katika orodha kila neno hukaa peke yake. Huonekana maneno hayo mawili yanapokutana katika aya moja.

4.0 Vitenzi vinne katika mizani

Je, tutumie neno gani? Tuvipime vitenzi vinne.

Cha kwanza ni *kuchanganya*. Kinaeleweka na kila mtu, lakini ni kipana mno. Mchanga na saruji huchanganywa, na kila kimoja huwa na sehemu kubwa. Hapa tunasema juu ya wageni wachache kati ya wenyeji wengi, tena wageni wanaobadili tabia ya nyumba nzima.

Cha pili ni mkopo, *kudopa*. Watetezi wake wana hoja: kinafanana na lugha za kimataifa, na sarufi yetu inaweza kukinyumbua. Lakini msikilizaji wa redio anajua neno hilo kutoka viwanja vya michezo, kwa habari za wanariadha waliotumia dawa zilizokatazwa. Kukitumia darasani ni kurudisha hukumu ile ile iliyo katika *uchafu*, safari hii kwa sauti ya Ulaya. Isitoshe, neno lenyewe huko lilikotoka si neno la maabara. Kiingereza kililipata kwa Kiholanzi, ambako *doop* ni mchuzi mzito wa kuchovyea. Wazungu waliingia jikoni wakachukua neno la mchuzi. Sisi tunataka kuwakopa neno hilo tukisahau kwamba nasi tuna majiko.

Cha tatu ni *kuunga*, kama mpishi anavyounga mchuzi. Maana yake ya upishi ni nzuri sana: kitu kidogo, tokeo kubwa. Hata hivyo, kitenzi hiki kimeshikwa tayari katika kemia. Atomu huungana, na kifungo kati yake wengine hukiita kiungo. Tukisema naitrojeni imeungwa katika kaboni, hatutajua kama tunaeleza kutiwa kwake au kushikamana kwake. Utata huo hauvumiliki.

Cha nne ni *kukoleza*. Chumvi hukolezwa, rangi hukolezwa, moto hukolezwa. Kitenzi hiki kina sifa tatu tunazozihitaji. Kinadai kiasi kidogo. Kinasema juu ya tabia ya kitu kizima, si ya kile kilichotiwa: ni mchuzi uliokolea, si chumvi. Na kina mwenzake *kukolea*, kinachoeleza hali baada ya tendo. Kutokana nacho tunapata familia nzima: kaboni iliyokolezwa, kaboni isiyokolezwa, ukolezaji, na *kikolezo* kwa ile atomu inayotiwa. Mkopo ungetulazimisha kuifunza familia hiyo mwanachama mmoja mmoja. Hapa mwanafunzi huitambua mwenyewe.

Tukijaribu kwa sentensi. Mwaka 1991 ilionekana kwamba molekuli za kaboni-60 zikikolezwa kwa potasiamu, atomu tatu kwa kila molekuli, huwa kipitishi kisicho na ukinzani wowote wa umeme katika baridi ya kelvini 18, yaani nyuzi 255 chini ya sifuri. Zikikolezwa kwa atomu sita, hali hiyo hutoweka na mada huzuia umeme. Infraredi huyafuata mabadiliko haya: mstari uliokuwa 1429 hushuka hatua kwa hatua kadiri molekuli inavyopokea elektroni, hadi kufika karibu na 1340 kwa potasiamu sita, nao huzidi nguvu. Mtu anayejua jiko hatashangaa. Chumvi ya kiasi huleta ladha. Ikizidi, chakula hakiliki. Kitenzi kimebeba fizikia bila kulazimishwa.

Zipo pingamizi mbili za haki. Ya kwanza ni kwamba *kukoleza* kunakaribiana na maneno yanayotumika kueleza wingi wa kitu kilichoyeyushwa ndani ya kiowevu. Ni kweli, na mwandishi atapaswa kutenga: *kiwango* kwa wingi wa myeyusho, *ukolezaji* kwa tendo letu. Ya pili ni nzito zaidi. Katika almasi, naitrojeni hukaa mahali pa atomu ya kaboni. Katika kaboni-60, potasiamu hukaa katika nafasi zilizo kati ya molekuli. Je, neno moja litoshe kwa matendo mawili? Tunajibu kwamba kitenzi kikuu kitaje lengo, na kitenzi kisaidizi kitaje njia: kukoleza kwa kubadili, na kukoleza kwa kupenyeza. Wala si Kiswahili peke yake kinachohitaji nyongeza hiyo. Kifaransa nacho huhitaji.

5.0 Somo la mazuku

Msomaji anaweza kusema kwamba haya ni mapenzi ya mwanaisimu, na kwamba sayansi huja na maneno yake kutoka ng'ambo. Historia ya Kivu yamkanusha. Kandokando ya Goma na Sake, pwani ya kaskazini ya ziwa, kuna mabonde madogo ambamo kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutulia chini, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Mifugo hufa humo, na watu pia. Wenyeji wanapaita *mazuku*. Wataalamu wa volkeno walipofika na vyombo vyao hawakupata katika lugha zao neno fupi la kutosha. Walilichukua hilo, na leo *mazuku* huandikwa katika majarida ya kimataifa ya sayansi bila kutafsiriwa.

Neno hilo halikuundwa na kamati. Liliundwa na watu waliohitaji kuonyana. Lilidumu kwa sababu lilikuwa na sentensi zake: usipitishe mbuzi hapo, usilale hapo, usimshushe mtoto chini. Gesi hiyo hiyo hupimwa kwa vyombo vya infraredi, kwa mstari ule ule tuliouona. Basi tunacho kitu kimoja chenye jina la wenyeji na kipimo cha kimataifa, na hakuna kilichomharibu mwenzake. Kinachokosekana kati yake ni maelezo ya Kiswahili ya namna chombo kinavyokitambua kitu. Huo ndio ukurasa ambao haujaandikwa.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba majina ya mkopo kama infraredi, molekuli na boroni hayaleti madhara makubwa. Hata hivyo kwetu Kongo yana shida yake. Mwanafunzi wa Bukavu amefundishwa *azote*, naye akifungua kitabu cha Dar es Salaam hukuta naitrojeni, akadhani ni elementi nyingine. Kamusi zitakazochapishwa hazina budi kuwatazama wasemaji wa upande wetu pia, walau kwa kuweka alama ya kemia kando ya kila jina. Herufi N haina taifa.

Vitenzi ni jambo jingine. Kitenzi kibaya, kama kile kilichofichwa ndani ya *uchafu*, humfundisha mwanafunzi sayansi isiyo ya kweli hata kama kila jina katika sentensi ni sanifu. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba istilahi yoyote ya fizikia au kemia isikubaliwe mpaka iandamane na sentensi tatu: moja inayosema kitu kinafanya nini, moja inayosema kinafanywa nini, na moja inayokitenganisha na jirani yake wa karibu. Istilahi itakayoshindwa mtihani huo irudishwe kwa walioiunda.

Jambo hili si la wasomi peke yao. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 imezipa lugha za taifa, Kiswahili kikiwamo, nafasi ya kufundishia. Walimu watakaoitekeleza hupitia katika vyuo vyetu vya ualimu. Wengi wao hueleza kemia kwa Kiswahili tayari, kwa sauti ya chini, baada ya kuandika ubaoni kwa Kifaransa. Maelezo hayo ya sauti ya chini ndiyo yanayoeleweka, nayo hupotea kila siku kengele inapolia. Idara za Kiswahili na za kemia zingeanza kwa kuyakusanya na kuyaandika, kabla ya kuunda hata neno moja jipya.